Meza Zikisogezwa Ukutani

Msikilizaji, kama ulisoma shule ya bweni unaujua mlio huu: mabenchi yakiburutwa kwenye sakafu ya saruji. Siusemi ule wa kila siku, wa watu wanaoinuka wakimaliza maharagwe. Ninaousema ni mrefu, unatoka pembe zote za bwalo kwa pamoja, na ndani yake mna vicheko. Ni Jumamosi, saa nane mchana. Meza zinasogezwa ukutani. Mtu amepanda juu ya kiti, anafunga karatasi za rangi kwenye taa. Jikoni wapishi wamekubali, baada ya kubembelezwa wiki nzima, kukaanga mandazi mia tatu. Na kule langoni amesimamishwa msichana wa kidato cha kwanza atege sikio, kwa sababu basi la shule ya wavulana linatarajiwa wakati wowote.

Mwaka huo ulikuwa 1998, nami nilikuwa kidato cha tatu, kiranja wa burudani katika shule ya wasichana ya bweni huko bara, mbali na kwetu Mombasa. Leo nataka tuzungumze juu ya mambo mawili ambayo watu wazima huyatenga. La kwanza ni baraza la wanafunzi, ambalo huzungumzwa kwenye warsha, kwa heshima, pamoja na demokrasia na uongozi bora. La pili ni dansi la shule, ambalo huzungumzwa kwenye mikutano ya wazazi, kwa sauti ya chini, pamoja na mimba. Mimi naona ni jambo moja. Shule isiyoweza kuwaachia wanafunzi wake jioni moja ya muziki waiandae wenyewe haina baraza la wanafunzi, hata kama ina masanduku ya kura, beji na rais mwenye tai. Nivumilie nikueleze nilivyofika hapo.

Mimi sikuchaguliwa na mwanafunzi hata mmoja. Jina langu lilitoka kwenye mkutano wa walimu, likasomwa gwarideni Jumatatu asubuhi pamoja na mengine kumi na saba, na kufikia Jumanne nilikuwa na sweta ya rangi nyingine, chumba kidogo cha peke yangu pembeni mwa bweni, na ruhusa ya kupita mbele ya foleni ya chakula. Nilikuwa pia na uwezo wa kuadhibu. Wakati huo kiboko kilikuwa bado halali shuleni, hakikupigwa marufuku Kenya mpaka mwaka 2001. Sisi viranja hatukupewa viboko, tulipewa daftari. Aliyeandikwa jina kwenye daftari la kiranja alijua Ijumaa inamjia na nini.

Utaratibu huo tuliurithi. Ulikuzwa katika shule za bweni za Uingereza za karne ya kumi na tisa. Thomas Arnold, aliyeanza kuongoza shule ya Rugby mwaka 1828, aliwapa wavulana wakubwa mamlaka juu ya wadogo ili nidhamu ya shule iende hata mwalimu asipokuwepo. Ukaja huku na wamishonari, na pale Alliance, shule iliyofunguliwa mwaka 1926 huko Kikuyu, ukawa nguzo katika miaka ya mwalimu mkuu Carey Francis, toka 1940 hadi 1962. Shule nyingi za Kenya ziliiga kutoka huko. Sitaudharau. Ulilea watu wachapakazi, wanaoheshimu saa, na wengine wao wakaja kuiongoza nchi. Lakini cheo hicho kilikuwa kinashuka kutoka juu, na aliyekipokea alikuwa akitazama juu kilikotoka. Waliokuwa chini yake hawakuwa na njia ya kumwambia hapana.

Burudani ndiyo iliyonionyesha kasoro hiyo, tena mapema, katika wiki yangu ya pili. Kiranja wa usafi anaweza kumlazimisha mtu apige deki. Kiranja wa bwalo anaweza kumnyamazisha mtu. Lakini mimi, na daftari langu, ningemlazimishaje mtu afurahi? Nilipotangaza kwamba kila mmoja atatoa shilingi kadhaa za kukodi spika, hakuna aliyetoa. Nilipobandika orodha ya wasichana sitini niliowachagua mwenyewe kwenda kwenye dansi, ilichanwa usiku uleule. Nikamwendea mwalimu aliyetusimamia, mama mmoja mpole wa Kiingereza na fasihi, nikitarajia atanisaidia kuwatisha. Akaniuliza, "Umewauliza wanataka nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi nenda kawaulize."

Ndivyo tulivyopata, kwa ajili ya dansi moja, kitu ambacho shule yetu haikuwa nacho kwa ajili ya jambo lingine lolote: kikao cha wajumbe. Kila darasa lilituma wawili, waliowataka wenyewe. Tulikutana darasani baada ya chakula cha jioni, na kikao cha kwanza kilikuwa vurugu. Wa kidato cha nne walitaka waende wao tu kwa kuwa ni mwaka wao wa mwisho. Wa kidato cha kwanza walitaka waruhusiwe angalau kutazama dirishani. Tulibishana juu ya muziki, maana ndombolo ilikuwa imeshika kila mahali, na wengine walikuwa wameanza kuwasikia vijana wa Dandora, Kalamashaka, wakichana kwa Kiswahili, na wakasema bila hao hawachangii. Tulibishana juu ya sare: twende na sketi za shule au nguo za nyumbani? Tulibishana juu ya mandazi.

Halafu mjumbe mmoja wa kidato cha pili akanyanyua mkono. Mfupi, mwenye sauti nyembamba, alikuwa hajasema neno tangu tuanze. Akauliza, "Dada, na mtu akinijia na simtaki?"

Darasa lilinyamaza. Nataka uelewe ukimya ule ulikuwa wa namna gani. Sisi tulikuwa kizazi kilicholelewa na habari ya St. Kizito. Ile shule ya mchanganyiko huko Meru, usiku wa Julai 1991, ambapo wavulana walivamia bweni la wasichana na wasichana 19 wakafa, na wengine wengi wakanajisiwa. Tulikuwa watoto wadogo wakati huo, lakini mama zetu hawakuacha kuizungumza. Iliyotukaa moyoni zaidi ni sababu iliyotajwa: wasichana wale walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo. Walisema hapana. Kwa hiyo mtoto yule alipouliza juu ya kukataa, kila aliyekuwa mle ndani alijua swali lake halikuishia kwenye dansi.

Swali hilo hakuna mwalimu aliyekuwa ameliuliza. Walimu walikuwa na masharti yao, na tuliyakubali bila ubishi: taa zisizimwe, pawe na nafasi ya rula kati ya mtu na mtu, saa kumi na mbili kamili muziki ukome. Masharti ya kutulinda yote hayo, na hakuna hata moja lililosema nifanye nini mimi mwenyewe mkono ukinyooshwa mbele yangu na siutaki. Tulilizungumza mpaka kengele ya kulala. Tukaandika masharti yetu matatu kwenye karatasi ya daftari. Anayeombwa kucheza anaweza kukataa, wala haulizwi kwa nini. Anayekataliwa anasema asante, anarudi alikotoka. Na kila baada ya nyimbo mbili unapigwa wimbo mmoja wa mduara, wa watu wote, ili asiwepo wa kukaa jioni nzima kwenye benchi akihesabu vigae. Sharti hilo la tatu lilitoka kwa msichana aliyejiona hapendezi. Alilisema wazi mbele yetu, na mpaka leo nashangaa alipata wapi ujasiri huo.

Barua tuliyowapelekea wavulana ilikuwa na masharti yetu pamoja na ya walimu. Wakajibu kwamba wameyasoma, na kwamba kiranja wao atayasoma tena ndani ya basi kabla mlango haujafunguliwa.

Sasa dansi lenyewe. Wavulana waliingia wamenyooka kama wanaenda kupigwa picha. Kwa karibu nusu saa walikaa upande wao na sisi upande wetu, na katikati bwalo tupu linang'aa kwa deki ya asubuhi. Aliyevunja kimya hakuwa mrembo wala jogoo wa shule. Ni wimbo wa mduara, ambao mchezeshaji muziki alilazimika kuupiga mapema kwa sababu sharti lilisema hivyo. Watu wakainuka wote, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kurudi upande wake. Naibu wa mwalimu mkuu alisimama mlangoni na tochi mkononi, jua bado liko nje.

Kama saa kumi na moja hivi, mvulana mmoja mkubwa alimshika mwenzetu kifundo cha mkono akamvuta. Msichana akasema hapana. Akavutwa tena. Nilianza kusukuma watu ili nifike, lakini sikuhitajika. Wajumbe wawili wa kidato cha pili walikuwa wameshafika, mmoja wao ni yule wa sauti nyembamba, na upande wa pili kiranja wa wavulana alikuwa ameshaweka mkono begani kwa mwenzake. Wakatoka naye nje. Alikaa kando ya basi na soda yake mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga kelele, wala muziki haukukatizwa. Naibu wa mwalimu mkuu alikuja, akatazama kushoto na kulia, hakuona la kufanya, akarudi mlangoni.

Mwaka uliofuata, Mei 1999, nilikuwa kidato cha nne na bado nalala kwenye kile chumba changu cha pembeni. Habari ilitufikia kwa redio ya mpishi. Katika Shule ya Upili ya Nyeri, wanafunzi walikuwa wamewafungia viranja ndani ya vyumba vyao usiku na kuwatia moto. Viranja wanne walikufa. Walikuwa vijana wa umri wetu, wenye sweta kama zetu, na vyumba vya peke yao kama vyetu, vyenye mlango unaoweza kufungwa kwa nje.

Usiku ule sikulala. Nilisogeza godoro langu nikaenda kulala sakafuni katikati ya bweni, na nilipofika nikawakuta viranja wengine wawili. Wenzetu walitupisha nafasi, bila maneno. Sitaki mtu anisikie vibaya: waliofanya unyama ule walifanya unyama, na hakuna kasoro ya utaratibu inayoupunguza. Lakini gizani pale nilijiuliza ni kiranja gani kati yetu anayechukiwa kiasi hicho, na nikaogopa kwa sababu sikujua. Nisingeweza kujua. Hakuna aliyewahi kuulizwa ananionaje, isipokuwa wakati ule mmoja tulipokaa kupanga dansi.

Msikilizaji, serikali nayo ilichukua muda kuuliza. Mwaka 2008 ghasia zilizuka katika shule zipatazo 300, nyingi katika muhula mmoja, na miongoni mwa sababu zilizotajwa, pamoja na mitihani ya mock na chakula kibovu, ilikuwa ni kwamba wanafunzi hawasikilizwi. Mwaka 2009 wizara, chama cha walimu wakuu wa shule za sekondari na UNICEF wakaanzisha mpango wa mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa kwa kura badala ya viranja wa kuteuliwa, na viongozi wa wanafunzi wakaanza kukutana kitaifa. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayosema kwamba mwakilishi wa baraza la wanafunzi ataingia kwenye bodi ya usimamizi ya shule kwa wadhifa wake. Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto tangu mwaka 1990, na ibara ya 12 ya mkataba huo inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Kwenye karatasi, basi, tumefika mbali. Nilifurahi sana nilipoisoma sheria ile.

Sasa ninaye binti kidato cha tatu. Mwaka jana aligombea, akashinda. Tulichora mabango pamoja sebuleni, na niliona kura zao zinavyopigwa: daftari la wapiga kura, wasimamizi, matokeo kubandikwa ukutani. Nilikuwa na fahari kama mama yeyote. Muhula ulipoisha nikamuuliza, "Baraza lenu limeamua nini?" Akafikiri. "Mama, sisi hupewa matangazo tukayasoma." Nikamuuliza tena, hakuna hata jambo moja mliloamua? Akasema walikuwa wameomba dansi na shule jirani, wakaandika na bajeti. Walijibiwa kwamba neno dansi lisiandikwe popote. Wakiliandika upya kama kongamano la Fizikia, litapitishwa.

Walimu wengi wanaonisikiliza wanajua ninachosema. Makongamano ya aina hiyo ni mengi. Wanafunzi wanaliita jambo hilo "fanki" wenyewe kwa wenyewe, na kwenye barua linaitwa kongamano, mdahalo au mkutano wa chama cha somo fulani. Somo linafundishwa dakika ishirini, halafu meza zinasogezwa ukutani. Mwalimu mkuu anajua, mzazi anayelipa anajua nusu, na wanafunzi wanajua kwamba wote wanajua. Inaniuma zaidi ya kunyimwa dansi lenyewe. Mtoto wangu aliapishwa kwa Biblia mbele ya shule nzima kuwa atakuwa mwaminifu, na kazi ya kwanza yenye uzito aliyopewa ilikuwa kuandika barua ya uongo na kuipiga muhuri wa baraza.

Tena jambo likiitwa kwa jina lisilo lake, haliwezi kujadiliwa. Baraza lililoandika "kongamano la Fizikia" haliwezi kuketi na kuuliza, mtu akinijia na simtaki? Kwenye Fizikia hakuna swali hilo.

Najua hofu ya wazazi, kwa maana nami ni mzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 15 ya wasichana wetu wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba. Hiyo si namba ya kupuuzwa. Lakini nenda Kilifi, nenda Kwale, uwaulize watu mambo hayo huanzia wapi, watakutajia disko matanga, muziki wa usiku kucha kwenye msiba, unaokodiwa ati kwa kuchangisha fedha za mazishi. Machifu na makamishna wamelipiga marufuku mara nyingi, na linarudi. Pale vijana wanacheza gizani na watu wazima wenye pesa, pombe inapita, na hakuna aliyeketi kabla kukubaliana juu ya chochote. Ndilo dansi lisilo na baraza. Mtoto asiyewahi kucheza mahali penye taa, penye saa ya kwisha na wenzake wa kumshika mkono anayemvuta, atalikuta hilo la gizani likiwa la kwanza maishani mwake.

Mwaka 2016, ghasia zilipokuwa zimerudi na shule zaidi ya 100 zimechomwa, jibu la serikali lilikuwa kufunga milango zaidi. Muhula wa tatu ulikuwa tayari umeondolewa ziara za wazazi, likizo fupi, siku za maombi na shughuli za kijamii, ili kuzuia wizi wa mitihani. Wizi wa mitihani ulikuwa donda la kweli na dawa kali ilihitajika. Ila tuliona pia jinsi kila kinachokusanya vijana kwa furaha kilivyohesabiwa kuwa hatari, na jinsi mabaraza yaliyochaguliwa yalivyosikia habari hizo sawa na mtu mwingine yeyote, kwenye taarifa ya saa moja.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mcheza ngoma ya lelemama Mombasa. Nilipomsimulia juu ya kikao chetu na masharti matatu, nilidhani atashangaa. Akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi ngoma yetu ilikuwa na serikali." Akanieleza: chama kilikuwa na mkubwa wake na vyeo vyake, kila mwanachama na mchango wake, na mwenye msiba au arusi akisaidiwa. Aliyekosa adabu ngomani alitozwa. Vyama vilishindana miaka na miaka, Ibinaal Watan na Banu Saada vikiwa maarufu kuliko vyote, na wanawake wa humo ndio waliokuja kuanzisha vyama vya wanawake wa Kiislamu vya Mombasa vilivyopigania elimu ya wasichana. Walikwishajifunza kuendesha kikao, kutunza fedha na kusema mbele za watu. Walijifunzia ngomani.

Baadaye, nilipokuwa chuo kikuu, nilisoma juu ya ngoma ya beni nikaona bibi hakuongeza chumvi. Beni ilianza pwani yetu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaenea na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia mpaka Tabora, Kongo na Nyasa. Watu wa vyama vyake vya Marini na Arinoti walikuwa na wafalme na majenerali wao, walivaa sare, wakatoza ada, wakazikana, na mwanachama aliyehamia mji mgeni alipokewa na wenzake kwa sababu alikuwa wa beni moja nao. Wakoloni waliwatazama kwa wasiwasi. Walihisi kwamba watu wanaoweza kuipanga ngoma namna ile wanaweza kupanga na mengine.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mabaraza ni utamaduni wa kuletwa na dansi ni uhuni wa kuletwa, nakataa yote mawili. Ngoma yenye uongozi tunayo tangu zamani. Tuliisahau kwenye lango la shule.

Ningependa nini? Kidogo sana. Shule ilipe baraza fedha halisi, hata kama ni ndogo, na jioni moja kwa muhula, na iliite jambo hilo kwa jina lake. Walimu waweke mipaka yao na wasimame mlangoni, hata na tochi. Baraza lipange mengine yote, likosee, lirekebishe. Liseme nani anaingia wakati nafasi hazitoshi. Liulizwe hesabu. Nimeuandikia uongozi wa shule ya binti yangu barua ya kusema hayo, na binti yangu ameisoma kabla sijaituma, akanisahihisha mahali pawili.

Nimalizie ile Jumamosi ya 1998. Saa kumi na mbili kamili muziki ulizimwa, basi likaondoka, na sisi tukabaki na bwalo limejaa vumbi na karatasi za rangi. Mabenchi yakarudi mahali pake kabla ya kengele ya chakula. Mweka hazina wetu, msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa akiogopa hata kusoma shairi darasani, alikaa juu ya meza na mkebe wa biskuti akihesabu sarafu mara tatu.

Jumatatu aliomba nafasi gwarideni. Mwalimu mkuu akasita, kisha akampa. Akasoma: spika kiasi fulani, dizeli ya kuchangia basi la wageni, sukari na unga, soda, karatasi za rangi. Akasoma na deni la mafuta ya kupikia tulilokuwa nalo kwa wapishi, kwamba limelipwa. Akasema zimebaki shilingi 340. Halafu akanyanyua macho kutoka kwenye daftari, akauliza shule nzima, "Zifanye nini?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hivyo. Palipita kimya kirefu, ndege wanasikika kwenye mikaratusi nyuma ya maabara. Kisha kule mbele kabisa, kwenye mistari ya kidato cha kwanza, mkono mmoja ukainuka, na wa pili, na nyuma yake mingi.